Jora la Kaki

Limeletwa Jumatatu, baada ya adhuhuri,
likaegemezwa mlangoni kama mgeni asiyepiga hodi.
Sheha Hamadi Mcha kafuta jasho, kafungua karatasi:
mashati sitini, kila shati mifuko minne,
vifungo vya shaba vitakuja na boti ya Alkhamisi.
"Kubwa kumi," kasoma. "Wastani arubaini.
Ndogo kumi."

Mie Mize binti Shaame, fundi wa Limbani, Wete,
miaka ishirini na sita kwa charahani hii moja,
nikauliza swali la fundi tu:
hiyo ndogo, kifua inchi ngapi?

Thalathini, kanambia.

Thalathini namjua.
Thalathini ni Asaa wa Bikombo.
Nilimkatia shati na kaptura ya skuli mwaka juzi,
nikamwachia upindo wa vidole vitatu
kwa kuwa mamake alisema huyu atarefuka.
Upindo ule haujashushwa bado.

Redio ya duka la pili inasema tunashinda.
Ilisema hivyo karafuu zilipochumwa,
ikasema hivyo zilipoanikwa,
sasa majamvi yamekunjwa, magunia yameshapimwa,
na bado tunashinda.
Ushindi gani huu usiokwisha?
Hata homa ina siku yake ya kushuka.

Wananambia: vita havina macho.
Basi asiye na macho hupewa mkasi?

Wananambia: ukikataa wewe atashona mwengine.
Kweli. Fundi Kombo wa Mtemani ana mashine tatu za umeme
na deni la kila moja.
Simlaumu.

Wala nisijisafishe.
Mwaka jana nilishona arubaini.
Nikalipwa taslimu, nikaezeka jiko bati.
Mvua ikinyesha usiku najikuta nahesabu,
moja, mbili, tatu, kila tone na kola yake,
nikifika thalathini na tisa nainuka nikawashe taa.

Huko wanakopigana mie sikujui.
Jina la mji wao hunitatiza ulimi.
Lakini nadhani na kule yuko mwanamke,
futi shingoni, pini midomoni,
anasomewa karatasi na mtu anayefuta jasho,
naye hawezi kujibu kwa sababu ya pini.

Mifuko minne, ya nini?
Barua ya mama hukaa katika mmoja.
Mitatu iliyobaki sijui watatia kitu gani,
na nguo ya baadaye, ile nyeupe,
ile niikatayo bila kumwuliza mtu kipimo,
haina hata mmoja.

Basi Jumanne, saa nne, watu wakitoka sokoni,
nikajitwika jora kichwani.
Zito, wallahi. Shingo inaniuma mpaka leo.
Mke wa mwalimu kanitazama, kageuka kutazama mchicha wake.
Sheha kaketi barazani kwake na kikombe cha kahawa.
"Nikawaambie nini, Mize?"

Nilikuwa na uwongo mwepesi ncha ya ulimi:
uzi umekwisha, mkanda wa charahani umekatika.
Ningeusema, na yeye angeupokea kwa shukurani,
tukaachana kwa salama, sote wawili waongo.

"Kawaambie Mize hataki."

Hakujibu. Kalitazama jora
kama mtu aliyeletewa maiti si yake.
Kisha kanimiminia kahawa. Nikainywa.
Ilikuwa chungu na ilikuwa moto.

Alasiri Bikombo kaja, kaptura kwapani.
Nishushie upindo, bibi, mtoto karefuka.
Hakutaja jora, nami sikulitaja,
ingawa vumbi lake lilikuwapo bado mlangoni.
Nikafumua taratibu, uzi kwa uzi.
"Nishushe vyote vitatu?"
Kafikiri.
Nje watoto walikuwa wakigombania mpira wa matambara.

"Kimoja," kasema. "Shusha kimoja tu.
Viwili tumwekee."